Kona ya sanduku haishikwi na gundi peke yake

Machi ya mwaka juzi mama mmoja wa Mikindani, Mtwara, aliniletea sanduku nililomtengenezea binti yake alipoolewa. Akalitua juu ya benchi, akasema, "Fundi, sanduku lako linacheka." Kona mbili zilikuwa zimeachama, ukucha unaingia. "Niachie, mama, nitalirudia," nikamjibu. Iliniuma, maana mbao zile za mninga nilizichagua mwenyewe, moja moja.

Nilipolibomoa nikaliona kosa. Kitako kilikuwa cha mbao, nami nilikigandisha kwa gundi pande zote nne. Huku kwetu mvua zikishaanza, kati ya Novemba na Desemba, hewa inabeba unyevu hadi Aprili, na ubao unaunywa. Ubao hutanuka kwa upana. Kwa urefu ni kidogo mno. Kitako kilitanuka, kikakosa pa kwenda, kikazisukuma kona. Sasa nachimba mfuo ndani ya kuta zote nne, kitako kinakaa humo bila gundi, kikiachiwa milimita mbili hivi za kupumulia kila upande wa upana wake. Plaiwudi haina tabu hiyo.

Lakini hata gundi yenyewe nilikuwa siijui vizuri. Tunaipenda kona ya digrii 45, ile ya mbao mbili zilizokatwa mshazari zikakutana, kwa sababu inaficha vichwa vya mbao, yaani miisho yake iliyokatwa. Vichwa hivyo havijaondoka, vimo humo humo ndani vinatazamana, na kichwa cha ubao ni kama fungu la mirija: unapaka gundi nyeupe, inanyonywa, kiungo kinabaki kikavu. Paka mkono wa kwanza mwembamba, subiri dakika tano mpaka kumi, kisha paka wa pili ndipo ufunge.

Kabla ya hapo, kata kwa uangalifu. Sanduku lina mikato minane. Ukikosea nusu digrii kila mkato, kona ya mwisho inakudai digrii nne nzima. Mimi nakata kwa msumeno nikiacha unene wa karatasi, halafu namalizia kwa randa iliyonolewa vizuri, ubao ukiwa umelala kwenye kibao cha mshazari, kinachoushika kwa digrii 45. Kuta zinazotazamana nazibebanisha na kupitisha kidole mwishoni. Kidole kinahisi tofauti ambayo jicho haliioni.

Kufunga hakuhitaji klampu nyingi. Panga kuta nne kwenye mstari, uso wa nje juu, bandika selotepu kwenye kila maungio, zigeuze, paka gundi, zikunje. Pima kutoka pembe hadi pembe, njia zote mbili. Vipimo vikilingana, liache mpaka kesho.

Kesho yake ndipo nguvu inapotiwa. Nakata mikato ya msumeno kukatiza kona, nachomeka humo ndimi, yaani vipande vyembamba vya mpingo vyenye unene wa milimita tatu, nyuzinyuzi zake zikitoka ukuta mmoja kwenda wa pili. Masalio ya mpingo wachonga vinyago wanayo tele. Mpingo una mafuta, ufute kwanza kwa tina, ile ya kuzimulia rangi, la sivyo gundi itauteleza. Sanduku la yule mama nililitia ndimi tatu kila kona, nyeusi juu ya wekundu wa mninga.

Ukisawazisha ndimi, sukuma randa kutoka konani kuelekea katikati ya ukuta. Ukisukuma kuelekea konani, ncha ya ulimi inang'oka na kuacha shimo.