Fomula Unayo, Bika Je?

Juzi kwenye kikao cha harusi, katikati ya hesabu za ukumbi na vinywaji, kijana mmoja kanigeukia: "Dokta, nanoteknolojia ikikomaa si kila kitu kitakuwa bure? Unapakua fomula, mashine inapanga atomu, kitu kinatoka. Mwenye faili ndiye tajiri." Sijui ni mara ya ngapi nasikia haya. Pale nilimeza soda nikanyamaza. Hapa sinyamazi.

Fomula ya mkemia Turkevich ya chembe nano za dhahabu, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, iko wazi tangu 1951: chumvi ya dhahabu, maji yanayochemka, sitrati (chumvi ya asidi ya limau). Basi. Mwanafunzi wangu aliifuata neno kwa neno. Badala ya kuiva na kuwa chekundu kama juisi ya rosela, kimiminika kikabaki zambarau iliyopauka, kisha tope jeusi likatuama chini ya bika, kile chombo cha kioo cha maabara. Akapima upya, akachemsha tena, yale yale. Kumbe bika ilisuuzwa kwa maji ya bomba, na chumvi kidogo iliyobaki inatosha kuzifanya chembe zigandane. Sasa naosha vyombo kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na haidrokloriki, ule unaoyeyusha hata dhahabu yenyewe.

Utasema hayo ni ya darasani. Haya, chanjo. Oktoba 2020 Moderna, kampuni ya dawa ya Marekani, walitangaza kwamba janga likiendelea hawatamshtaki mtu kwa hataza zao (haki za uvumbuzi) za chanjo ya Uviko. Mpangilio wa mRNA yenyewe, yaani molekuli inayobeba maelekezo ya chanjo, ulikuwa mtandaoni mwaka uliofuata. Bado Afrigen, kampuni ya Cape Town iliyotaka kuiiga chanjo hiyo, walilazimika kujitafutia wenyewe namna ya kuifunga ndani ya chembe za mafuta za nanomita mia hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), na mapema 2022 walichokuwa nacho kilikuwa kiasi cha maabara tu. Faili ikishavuja, bei yake inashuka kama nyanya za msimu. Kinachopanda ni kile ambacho hakuna aliyekiandika, na neno la anayeweza kupima kilichotoka akasema ndicho.

Ila kokwa la embe linanisumbua. Faili na kiwanda vimo humo humo, na halihitaji fundi. Mwaka 2003 mkemia Smalley alipobishana na mhandisi Drexler, Drexler akisema mashine za kujenga vitu molekuli kwa molekuli zinawezekana na Smalley akikataa, nilikuwa upande wa Smalley moja kwa moja. Siku hizi nusu tu, maana ribosomu, kijimashine cha seli kinachotengeneza protini, inasoma na kujenga kila sekunde mwilini mwangu. Mtu akitengeneza kokwa la namna hiyo kwa ajili ya dawa na vyuma, yule kijana atakuwa sahihi, nami na bika zangu tutatafuta kazi nyingine.