Kohoti: utafiti unaozeeka pamoja na watu wake

Mwulize mgonjwa wa saratani ya koo la chakula (umio) kama chai yake ilikuwa ya moto miaka kumi iliyopita. Atakujibu, ila kumbukumbu yake imeshaguswa na ugonjwa, kwa kuwa naye anatafuta kilichomponza. Kohoti hukwepa mtego huo. Ni kundi kubwa la watu wanaohojiwa na kupimwa kabla hawajaugua, kisha wanafuatiliwa miaka mingi ili ijulikane nani aliugua, nani hakuugua, na maisha yao yalitofautiana wapi.

Nachagua chai kwa sababu Nairobi haiamki bila chai. Huko Golestan, kaskazini mwa Iran, watafiti waliandikisha watu wapatao 50,000 kati ya 2004 na 2008. Hawakutosheka na jibu la "huwa naipenda moto". Walimimina vikombe viwili, kimoja kikatiwa kipimajoto. Ikifika nyuzi 75, mtu anaonja kile cha pili: wewe huinywa hivi? La? Basi ingojwe ishuke hadi 70, na kuendelea. Miaka kama kumi baadaye ilionekana kwamba waliokunywa zaidi ya mililita 700 kwa siku, ikiwa nyuzi 60 au zaidi, walikuwa na hatari ya saratani hiyo iliyozidi kwa asilimia 90 ile ya waliokunywa kidogo na iliyopoa.

Sasa tazama waliopata saratani hiyo: 317. Kati ya watu 50,000! Ndiyo sababu kohoti ndogo au ya muda mfupi ni hasara tupu. Unafunga ofisi kabla jibu halijafika.

Hapo ndipo suala la fedha linapouma. Ruzuku nyingi za utafiti hutolewa kwa miaka mitatu hadi mitano, na saratani haina habari na kalenda hiyo. Zaidi ya hayo, pesa zenyewe huenda kwenye mambo yasiyopigwa picha: friza ya sampuli za damu na jenereta ya kuikinga stima inapopotea, mishahara ya makarani, na simu, simu, simu. Mfadhili anapenda kukata utepe. Karani anayempigia mtu yuleyule kwa mwaka wa kumi na mbili hana utepe.

Na kufuatilia watu Nairobi si mchezo. APHRC, shirika la utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, lilianza mwaka 2002 kuandika vifo, uzazi na uhamaji katika mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani. Kazi hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya saratani, lakini ugumu ni uleule: kodi ikipanda mpangaji anahamia Kayole, laini ya simu inabadilishwa, jirani mpya hamjui. Kibaya zaidi, mtu akizidiwa jamaa humpeleka ushago. Akifia Siaya au Kitui na hakuna aliyetumwa kuuliza, daftari la mjini litaandika tu "amehama". Kwa hiyo wanaopotea si watu wowote tu. Ni wale hasa ambao utafiti ulikuwa unawangoja.

Kuna pia kohoti za manusura, ambazo huanzia pale jalada la hospitali linapofungwa. Marekani, utafiti mmoja mkubwa wa waliotibiwa saratani utotoni ulianza 1994. Ufuatiliaji wa aina hiyo ndio uliodhihirisha kwamba wasichana waliopigwa mionzi kifuani hupata saratani ya matiti mapema kuliko wenzao, na ndiyo maana wengi wao hushauriwa kuanza uchunguzi wakiwa na miaka 25 hivi. Daktari aliyewatibu wakiwa watoto asingeweza kuliona hilo kliniki.

Msichana wa miaka tisa anayemaliza mionzi Nairobi mwaka huu atafika umri huo baada ya miaka 16. Namba ya simu iliyo kwenye faili lake huenda ni ya mama yake.