Mwanafunzi wa Uuguzi Aliyesimama Kando ya Kitanda Chako

"Sitaki huyu mwanafunzi. Niitie sista mwenyewe."

Mimi ni mkufunzi wa uuguzi hapa Dar es Salaam, na kauli hiyo nimeisikia mara nyingi nikiwa nimesimama hatua mbili nyuma ya mwanafunzi aliyeshika trei ya sindano. Mara ya mwisho aliitamka mama mmoja wodini, asubuhi, baada ya usiku mzima wa maumivu. Simlaumu. Anayemwinamia ni binti wa miaka 20, na mikono inamtetemeka. Lakini naomba umma uelewe kinachoendelea pale, kwa sababu muuguzi atakayekuhudumia mwaka 2035 anaandaliwa sasa, na sehemu kubwa ya maandalizi yake haifanyiki chuoni. Inafanyika katika hospitali za Amana, Temeke, Mwananyamala na Muhimbili, na kwenye kituo cha afya cha mtaani kwenu.

Safari yenyewe iko hivi. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo ya sayansi anaweza kusoma stashahada kwa miaka 3. Anayepitia chuo kikuu husoma shahada miaka 4, kisha utarajali wa mwaka 1 hospitalini. Wote hawaruhusiwi kufanya kazi mpaka wafaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na kupewa leseni, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Serikalini wa stashahada huitwa Afisa Muuguzi Msaidizi na wa shahada Afisa Muuguzi. Mtaani wote ni "nesi", na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni pale yeyote aliyevaa koti jeupe kwenye duka la dawa anapoitwa nesi.

Kabla ya kukugusa wewe, mwanafunzi huanza na mdoli. Humchoma mdoli, humgeuza, humtandikia kitanda akiwa amelala juu yake. Akija wodini huwa na kitabu cha vitendo, na kila alichokifanya husainiwa na msimamizi aliyemwona akikifanya. Hufundishwa pia mambo matano ya kuhakiki kabla ya kutoa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Ndiyo maana atakuuliza jina lako hata kama alikuuliza asubuhi. Usikasirike, anayekuuliza mara mbili ndiye wa kumwamini.

Sasa niseme linaloniuma. Msimamizi huyo mara nyingi hana muda. Muuguzi mmoja ana wodi iliyojaa, simu inaita, daktari anapita raundi, ndugu wamejaa mlangoni, halafu tunamkabidhi wanafunzi watano juu yake. Matokeo yake mwanafunzi anageuka tarishi: peleka sampuli maabara, sukuma machela, fuata dawa. Akirudi, utaratibu aliokuja kujifunza umeshafanyika, au umefanyika kwa njia ya mkato, naye ataishika hiyo hiyo njia ya mkato.

Mimi mwenyewe, zamu yangu ya kwanza ya usiku baada ya kuhitimu, niliachwa peke yangu na wodi nzima. Ilikuwa hospitali ambayo haina haja ya kutajwa. Saa tisa usiku nilisimama mbele ya dripu ya lita moja iliyotakiwa kwenda kwa saa 8. Kanuni niliijua: ikiwa mrija unatoa matone 20 kwa mililita, basi ni matone kama 42 kwa dakika. Lakini nilikuwa nahesabu, napoteza hesabu, naanza upya. Dada mmoja wa wodi ya jirani alikuja kuazima glavu akanikuta hivyo. Akainua saa yake usawa wa pale matone yanapodondokea, akasema, "Hesabu robo dakika tu. Yakifika kumi au kumi na moja, uko sawa." Hakukaa hata dakika tano. Mpaka leo nafundisha hivyo.

Mtu kama yule dada ndiye tunayemwita muuguzi mlezi, na hatupaswi kumpata kwa bahati ya glavu kuisha. Hospitali inayopokea wanafunzi na waajiriwa wapya inatakiwa imteue kwa jina, imfundishe kufundisha, na siku anapolea impunguzie wagonjwa. Na mgeni asiachiwe wodi usiku peke yake katika miezi yake ya mwanzo. Najua jibu: watu hawatoshi. Ni kweli, na si kwetu tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.8. Ila uchache huo una gharama yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji katika nchi 9 za Ulaya, ulionyesha kuwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufariki ndani ya siku 30. Na hapa kwetu wapo wahitimu wenye leseni mkononi wanaosubiri ajira nyumbani, mikono ikisahau.

Kwa wazazi nina neno fupi: kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, au kama ni cha shahada, kinatambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Na usimsukumie mtoto uuguzi kwa sababu tu udaktari umemshinda. Wodini hilo huonekana mapema.

Kwa mgonjwa: una haki ya kukataa kuhudumiwa na mwanafunzi, na huduma yako haitakiwi kupungua kwa hilo. Lakini kabla ya kukataa, muulize jina lake, muulize msimamizi wake yuko wapi. Asipokuwepo, kataa bila wasiwasi.

Yule mama aliuliza. Binti akajitambulisha, akaeleza ni sindano gani na ni ya nini. Mama akanigeukia mimi.

"Na wewe utakaa hapo hapo?"

Nikasema nitakaa. Akapandisha mkono wa dera lake.