Mombasa hadi ng'ambo: saa na kilomita zinazotupotosha

Dhana: Ukitaka umbali, weka rula kwenye ramani.

Ramani ya ukutani ni bapa, dunia ni tufe. Kwa Jedda utasalimika, kwani Mombasa na Jedda ziko karibu kwenye longitudo moja, digrii 39 mashariki. Kati yao kuna digrii 26 hivi za latitudo. Kila digrii ni kilomita 111 hivi; zidisha, upate karibu 2,900. Na kwa kuwa longitudo ni karibu moja, haji wetu akitua kule hagusi saa yake. Lakini jaribu San Francisco. Rula itakukatisha Afrika na Atlantiki, ilhali njia fupi kabisa inapanda kaskazini, inapita Ulaya, kisha Greenland. Huamini? Chukua chungwa na uzi.

Dhana: Muda wa safari ni saa ya kufika ukitoa saa ya kuondoka.

Kila saa kwenye tiketi ni ya mahali pake. Tuseme ndege imetoka Nairobi saa tano na nusu usiku, ikatua New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukihesabu kwa vidole utasema masaa 7. Kumbe umekaa angani takriban 15, kwa kuwa New York iko nyuma yetu kwa masaa 8 wakati wa baridi yao, na 7 wakati wa joto.

Sisi Waswahili tuna mtego wetu mwingine. Tiketi ikiandika 05:00, ni saa kumi na moja alfajiri. Shangazi yangu aliisoma saa tano, akafika uwanjani Changamwe saa mbili asubuhi, akijisifu amewahi masaa matatu mazima. Ndege yake ilikuwa imeshatua Nairobi zamani.

Kuna na siku. Kwetu usiku wa Ijumaa huanza Alhamisi jua likizama. Tiketi inageuza siku saa sita usiku. Ikiandika Ijumaa 00:30, mabegi yawe uwanjani Alhamisi usiku. Ikiandika Ijumaa 21:00, ukienda kwa hesabu ya bibi utakuwa umetangulia siku nzima, na hiyo afadhali.

Dhana: Ukiruka kwenda magharibi, dunia inazunguka ikuletee mji.

Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kinachotofautisha kwenda na kurudi ni upepo: kilomita 10 hivi juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna mkondo mkali unaovuma kuelekea mashariki. Ndiyo maana kurudi kutoka New York huwa kama masaa 14. Manahodha wa majahazi wasingeshangaa. Nani aling'oa nanga hapa kwenda Maskati kabla ya kusi, upepo unaosukuma jahazi kaskazini?

Dhana: Masaa yote kwenye tiketi ni ya kuruka.

Wengi wetu hupitia Nairobi au Addis Ababa. Masaa ya kungoja huko yamo kwenye jumla, basi yatoe kwanza kabla hujasema London ni mbali.