Kwa nini kompyuta huanza kuganda ukiiongezea skrini ya pili?

Wanaofanya montaji ya video za arusi na wenye sekretaria za kuchapia kule Nyawera, Bukavu, wanaujua mkasa huu. Mashine imefanya kazi miezi na skrini moja bila tatizo. Inaunganishwa skrini ya pili, vituko vinaanza: mara picha inapotea na kurudi, mara ukuta wa buluu wenye maandishi meupe, mara mashine inajizima kabisa na mteja yuko mlangoni anangoja flashi yake. Fundi wa kwanza atasema ongeza RAM. Wa pili atasema ni virusi. Mara nyingi si hiki wala si kile.

Piga hesabu uone. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Kila nukta huchukua baiti 4, kwa hiyo picha moja nzima ni kama megabaiti 8.3. Ikichorwa upya mara 60 kwa sekunde, zinapita karibu megabaiti 500 kila sekunde. Kwa skrini mbili, kama gigabaiti moja. Sasa chukua RAM ya zamani ya DDR3-1600, ile iliyojaa kwenye mashine za okasio: kipande kimoja tu kina uwezo wa kupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde, na kumbukumbu ya kadi ya michoro, yaani kifaa kinachotengeneza picha za skrini, kwa kawaida hupitisha zaidi ya hapo. Kuonyesha skrini mbili, basi, si mzigo unaoweza kuivunja mashine mgongo. Kinachoiumiza ni kukosa kupumzika.

Kadi ya michoro isipokuwa na kazi nzito hupunguza mwendo wa kumbukumbu yake ili itumie umeme kidogo na ibaki baridi. Lakini haiwezi kubadilisha mwendo huo katikati ya kuchora, kwa sababu picha ingemetameta mbele ya macho yako. Lazima ingoje upenyo, na upenyo upo. Skrini yetu ya 1920 kwa 1080 ina mistari 1,080 ya picha, lakini kadi kwa kawaida hutuma mistari 1,125. Ile 45 ya ziada haibebi picha yoyote. Ni kituo kidogo cha takriban milisekunde 0.67 katika kila mzunguko wa milisekunde 16.67, na ndipo kadi hubadilisha mwendo bila mtu kugundua.

Ukiweka skrini mbili, kila moja ina kituo chake. Kama moja inachorwa mara 60 kwa sekunde na nyingine mara 75, vituo hivyo havikutani. Kadi inakuwa kama mama wa mapacha wasiolala saa moja: huyu akifumba macho, yule analia. Kadi nyingi, hasa za miaka iliyopita, hukata shauri kwa njia rahisi: zinaacha kumbukumbu kwenye mwendo wa juu moja kwa moja, hata kama umefungua ukurasa mtupu wa Word na umeenda kula. Joto linapanda, feni inalia, na wati zinaliwa bure.

Kadi nzima itavumilia hali hiyo miaka. Lakini kadi iliyotumika Ulaya au Dubai kabla ya kufika Bukavu, ambayo krimu yake ya kupitishia joto imekauka na feni yake imeziba kwa vumbi la kiangazi cha Juni hadi Agosti, ilikuwa inaishi kwa zile dakika za kupumzika. Skrini ya pili imeziondoa. Ndiyo maana kosa linaonekana la skrini wakati ugonjwa ulikuwa ndani ya mashine zamani.

Kwa hiyo dawa ya kwanza hailipiwi hata faranga. Fungua mipangilio ya skrini kwenye Windows, ingia sehemu ya mipangilio ya juu, uzipe skrini zote mbili ukubwa uleule wa picha na idadi ileile ya kuchora kwa sekunde. Angalia vizuri: orodha huweza kuonyesha 59.94 na 60 kama vitu viwili, na hakika ni vitu viwili. Tazama joto la kadi kwa programu kama GPU-Z kabla na baada. Likishuka, umeshamshika mwizi. Lisiposhuka, huenda skrini zako ni za aina tofauti sana kiasi kwamba vituo bado havilingani. Hapo safisha feni, badilisha krimu, kisha endelea.

Kinachofuata ni kutazama mashine inakufaje, maana kila kifo kina sababu zake.

Picha ikizimika sekunde chache kisha ikarudi, hiyo ni Windows yenyewe imeingilia kati. Tangu Windows Vista, mfumo huipa kadi sekunde 2 za kujibu. Ikinyamaza, draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, inaanzishwa upya bila kuzima mashine. Hilo likirudiarudia zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 60, Windows inasimamisha kila kitu kwa skrini ya buluu. Kadi ikishindwa kabisa kuamka, buluu hiyo huja na namba 0x116. Ushahidi unabaki ndani: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, tafuta tukio namba 4101. Likiwa limejaa pale, shughulika na draiva na joto, usinunue RAM. Ondoa draiva yote kwa programu ya DDU ukiwa katika hali salama (Safe Mode), halafu weka ile inayotoka kwa mtengenezaji wa kadi. Ni mamia ya megabaiti, na najua bei ya mega inavyouma, lakini draiva iliyonakiliwa kutoka flashi ya jirani imeshaharibu siku za watu wengi. Jaribu pia kuzima matumizi ya kadi ya michoro ndani ya kivinjari. Video ikicheza skrini hii na montaji ikiendelea skrini ile, hapo ndipo draiva dhaifu huanguka.

Mashine ikizima ghafla bila buluu, bila onyo, tafuta Kernel-Power namba 41 kulekule. Ndani yake kuna BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa: umeme ulikatika, au mashine iliganda kabisa ukaizima mwenyewe kwa kidole.

Na umeme wa Bukavu una tabia zake. SNEL, shirika la umeme la Kongo, hutumia nguvu za mto Ruzizi, ambapo bwawa la kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na mji umeongezeka mara nyingi tangu wakati huo. Jioni watu wanapowasha majiko, zile volti 220 za kwenye karatasi hushuka. Pawasaplai nzuri, yaani kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, inatakiwa kushikilia mashine hai kwa takriban milisekunde 16 baada ya umeme kupotea, muda unaotosha ondulea (UPS, ile yenye betri ya akiba) kuamka. Pawasaplai yenye kapasita zilizochoka haifiki hapo, hasa ikilisha kadi ambayo haipumziki tena. Skrini ya inchi 22 nayo hula kama wati 25. Si nyingi, lakini ondulea ya VA 650 hutoa chini ya wati 400 ikiwa mpya, na betri yake ya miaka mitatu haiko mpya. Dalili ya wazi ni mashine kufa wakati ule ule mnapohama kutoka SNEL kwenda kwenye jenereta.

Kuna jambo la waya wa ardhi ambalo mafundi wetu hulipuuza, na mimi naona ni kubwa kuliko yote kwa nyumba zetu. Pawasaplai zina vichujio vinavyounganisha umeme na bati la kompyuta. Ukutani pakiwa na ardhi, hakuna neno. Pasipokuwa na ardhi, bati hilo huelea kwenye karibu nusu ya volti za ukuta, yaani kama 110. Mkondo ni mdogo sana, ndio ule unaokuwasha vidole ukigusa mashine pekupeku. Lakini ukichomeka skrini kwenye soketi nyingine kisha ukaunganisha HDMI kila kitu kikiwaka, tofauti hiyo hupitia kwenye waya wa picha na milango yake. Hivyo ndivyo milango ya HDMI inavyokufa, na kabla ya kufa huleta picha za kukatika-katika. Chomeka mashine na skrini zote kwenye ralonji (ekstensheni) moja, na uzime vyote kabla ya kuunganisha.

Anayetumia DisplayPort achunguze pia waya wenyewe. Pini ya 20 ya mlango huo hubeba volti 3.3, na waya wa kawaida uliotengenezwa kwa kufuata kanuni hauiunganishi pande mbili. Waya wa bei poa huiunganisha, na skrini inasukuma umeme ndani ya kompyuta hata ikiwa imezimwa. Matokeo yake ni mashine inayokataa kuwaka mpaka uchomoe skrini.

Ikiwa bado hujui nani mkosaji, chomoa kadi ya michoro kabisa na uunganishe skrini zote mbili kwenye milango ya motherboard, kama prosesa yako ina michoro ya ndani. Fanya kazi hivyo siku mbili tatu. Mashine ikitulia, kadi, draiva yake au pawasaplai inayoilisha ndiyo yenye kesi. Kadi hiyo ikahamie mashine ya rafiki kwa majaribio. Mashine yako ikiendelea kuzima vilevile bila kadi, rudi kwenye pawasaplai na ondulea, na hapo ndipo kupima RAM kwa MemTest86 usiku kucha kunakuwa na maana.