Upangaji wa mwendo: gari lisilo na dereva hujuaje pa kupita?

Kama umewahi kusaidia kupandisha kabati la milango mitatu kwenye ngazi nyembamba, kazi hii umeshaifanya. Mmoja yuko juu, mwingine chini, na wa tatu hajashika chochote ila ndiye mwenye kelele: inamisha, inua kwako, rudi kidogo, haya zungusha! Kila mtu anajua kabati linaelekea chumba gani. Kinachowatoa jasho ni mikao: lilazwe vipi hapa, lisimamishwe vipi pale, mpaka lifike bila kukwaruza ukuta. Kutafuta mfululizo huo wa mikao ndiko wataalamu wa roboti wanakokuita upangaji wa mwendo.

Usiuchanganye na ramani ya simu. Ramani hukwambia kata kulia kwenye mzunguko, basi. Usukani uzungushwe kiasi gani, na yule mwenye baiskeli apitwe kwa nafasi ipi, hilo si lake.

Ugumu uko kwenye hesabu. Mkao wa gari hutajwa kwa namba tatu: mbili za mahali lilipo, moja ya upande linakotazama. Igawe kila namba vipande 100 na utapata mikao milioni moja. Kompyuta itaimudu. Sasa chukua mkono wa roboti wenye viungo sita, ugawe vivyo hivyo: mikao trilioni moja. Ukiamua kukagua mmoja mmoja, utalala hapo.

Mwaka 1998 Steven LaValle, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, alitoa mbinu ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaona kama mzaha: bahatisha. Mbinu hiyo hujulikana kwa herufi RRT, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mti wa kubahatisha unaotanuka haraka, na kweli hufanya kazi kama mti unaoota. Shina ni pale gari liliposimama. Kompyuta huchagua nukta yoyote kwa kubahatisha, hutafuta tawi lililo karibu nayo zaidi, kisha hulirefusha tawi hilo hatua moja kuielekea. Hatua ikigonga ukuta, inatupwa. Isipogonga, inakuwa tawi jipya. Hurudia hivyo maelfu ya mara mpaka tawi mojawapo liguse mwisho wa safari.

Mbona mti haujisongi palepale shinani? Kwa sababu tawi lililopakana na uwanja mkubwa mtupu ndilo lililo karibu na nukta nyingi zaidi, kwa hiyo ndilo linalorefushwa mara nyingi zaidi. Mti hukimbilia kusikofikiwa bila kuamriwa na mtu. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzuri wote wa mbinu hii.

Dosari yake ni kwamba njia inayopatikana huwa ya kuzungukazunguka. Mwaka 2011 Sertac Karaman na Emilio Frazzoli wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walithibitisha kwa hisabati kwamba hata ukiiacha RRT ikokotoe milele, haitaifikia njia bora kabisa. Wakaja na RRT*, ambayo kila tawi jipya likiota huwauliza majirani: je, mkipitia kwangu mtafupisha safari? Anayefupisha huhamishiwa hapo, na njia huzidi kunyooka kadiri muda unavyokwenda.

Kabla ya hapo Frazzoli alikuwa kwenye timu ya MIT iliyopeleka Talos, gari aina ya Land Rover, kwenye mashindano ya magari yasiyo na dereva ya DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, huko Victorville, California, Novemba 2007. Talos lilipanga mwendo kwa mti wa aina hiyohiyo, likashika nafasi ya nne. Lakini njiani liligongana na Skynet, gari la Chuo Kikuu cha Cornell. Skynet lilikuwa likienda kwa kusitasita, Talos likalihesabu kama kitu kilichosimama, likalipita na kurudi mbele yake mapema mno. Hakuna aliyeumia. Mti wenyewe haukuwa na kosa: ulipanga kulingana na dunia uliyoambiwa ipo.

Mwaka 2013 Frazzoli na Karl Iagnemma walianzisha kampuni ya nuTonomy, na Agosti 2016 ikaanza kubeba abiria wa majaribio Singapore, mhandisi akiwa mbele tayari kushika usukani. Barabarani kuna swali jingine ambalo mti peke yake haulijibu. Lori limeegeshwa vibaya na kuziba njia yako, na katikati ya barabara kuna mstari usioruhusiwa kuvukwa. Dereva wa kawaida huchungulia, akaona kweupe, akapita. Gari linalotii kila sheria kwa usawa litakaa nyuma ya lori hilo mpaka mwenye lori amalize chakula chake. Ndiyo maana Frazzoli na wenzake wakapendekeza sheria zipangwe kwa daraja: kutogonga mtu juu kabisa, mstari chini yake, na starehe ya abiria chini zaidi. Kila njia inayofika mwisho wa safari hupimwa kwa daraja hizo, na ile inayovunja sheria ndogo ili kulinda kubwa ndiyo inayochaguliwa.