Kumuuliza si kumtia wazo

Kwenye baraza za Lamu utaambiwa: aliyezama katika sonona usimuulize kama anafikiria kujiua, utamtia wazo. Si kweli. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2014, liliitaja imani hii kuwa potofu. Mara nyingi wazo lilishaingia zamani. Swali la upole, faraghani, humpa mtu nafasi ya kusimulia yaliyomsibu na kufikiri upya. Mficha maradhi kilio humfichua, ingawa methali hiyo sisi huikumbuka kwa homa tu.

Sheria nayo isikutishe: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kuadhibu jaribio la kujiua kunakiuka Katiba. Akikujibu "ndiyo", usimwache peke yake; mpelekeni hospitali.